Motokari Yetu Inavaa Viatu Namba Ngapi?

Ninajua wengi wenu mkiona ni mimi ninayeandika mnangoja habari za masomo: mitihani, makuta ya masomo, watoto wasiogusa daftari nyumbani. Wiki hii nitaandika juu ya mipira ya motokari. Msicheke kwanza. Zamu yangu ya likelemba mwaka huu, dola 600, ilikwenda yote katika mipira. Na kwa kuwa wengine mlisema mbele yangu, na wengine nyuma yangu, kwamba makuta ya mwanamke hayanunui mipira, yananunua mabati au vitenge, nimeona heri nieleze yote hapa mara moja.

Motokari yetu ni Prado ya 1999, ya usukani wa kuume, iliyoingia kwa Kasumbalesa kama ndugu zake wengi. Tuliinunua ikiwa na mipira minne yenye kipara. Hapa mjini haikutusumbua sana. Lakini mama mkwe wangu anaishi upande wa Mutshatsha, ana ugonjwa wa tansio, na kila miezi miwili daktari anataka kumwona hapa Kolwezi. Mtu anayejua tu lami ya kwenda Likasi na Lubumbashi anafikiri Lualaba ina barabara. Aende upande wa magharibi, apite Kanzenze, mwezi wa pili, ndipo tuzungumze. Kule ni udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, na mahali pengine ni mchanga mtupu. Wazee walipanda treni: tangu 1931 reli iliunganisha Katanga na bahari ya Angola kwa njia ya Mutshatsha, Kasaji na Dilolo. Leo mgonjwa hawezi kungojea treni. Anangojea lori la makala, au anatungojea sisi.

Mwezi wa pili uliopita tulikwama naye katika kijito, saa mbili ya usiku. Magurudumu yalizunguka bure, tumbo la motokari limelala juu ya udongo. Tulilala pale mpaka lori likatuvuta asubuhi. Mama alikaa kiti cha mbele, kichwa kikimuuma, dawa ya jioni imebaki katika begi lililolowa maji. Hakulalamika hata neno moja, na mimi kimya chake kilinitisha kuliko mvua. Tulipofika hospitalini, tansio yake muuguzi aliipima mara mbili, maana mara ya kwanza hakuamini.

Basi mipira ilikuwa lazima. Ugomvi ulikuwa juu ya mipira gani.

Baba watoto alitaka ile mikubwa kabisa, yenye meno makubwa, kama ile ya motokari za kampuni za madini zinazopita na bendera ndefu nyuma. Shemeji yangu, kijana wa mjini, yeye alitaka janti nyeusi zinazong'aa, za inchi 20. «Yaya, motokari itasimama juu!» Fundi wa garaji alisema atafunga chochote tutakachomletea, ambalo kwa fundi ni jibu zuri, lakini halikutusaidia. Mimi nikachukua kalamu.

Nendeni mkaangalie ubavu wa mpira wa motokari yoyote. Wetu umeandikwa 265/70R16. Hesabu hiyo haina uchawi. 265 ni upana wa mpira kwa milimita. 70 si milimita, ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 70 ya ule upana. R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, radiali, na leo karibu mipira yote ya motokari ni hivyo. 16 ni upana wa duara la janti kwa inchi, na inchi moja ni milimita 25.4. Kwa hiyo ubavu ni milimita 185.5. Weka ubavu mbili, wa juu na wa chini, ongeza janti milimita 406.4, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 777.

Niliipeleka hesabu hii kwa watoto wa darasa langu, na ninawaambia hawajawahi kunisikiliza hivyo siku niliyofundisha duara kwa mfano wa sahani. Mmoja, ambaye baba yake anaendesha lori kubwa la mgodini, alitaka tupige hesabu ya mipira ya baba, ile inayopita kimo cha mtu mzima. Tulifanya.

Sasa tazameni janti za shemeji. Mpira unaovalishwa janti ya inchi 20 ni kama 275/45R20. Ubavu wake ni asilimia 45 ya 275, yaani milimita 124 tu. Mara mbili, ongeza janti milimita 508: jumla milimita 756. Motokari haipandi, inashuka! Janti imekuwa kubwa, mpira umekuwa mwembamba, na kimo chote kimepungua. Tena ule ubavu ndio mto wa motokari. Ukiingia shimo la barabara yetu na mto wa milimita 124, kinachopiga jiwe ni chuma, na janti iliyopinda huinyooshi kwa nyundo kijijini. Shemeji alipiga hesabu mwenyewe mara tatu kwenye simu yake. Hakurudia tena habari ya janti.

Mipira ya baba watoto ilikuwa 285/75R16. Hiyo kweli ni mirefu, milimita 834. Lakini sikilizeni: gurudumu likiongezeka milimita 57, tumbo la motokari linapanda nusu yake tu, milimita 28, maana nusu nyingine iko juu ya ekseli. Ni sentimita tatu hazijatimia. Na sentimita hizo zina deni. Gurudumu kubwa ni zito, motokari inakunywa mazutu zaidi, vitesi vinakuwa vizito mlimani, na breki, ambazo hazikukua pamoja na mpira, zinasimamisha kwa shida zaidi. Kontere nayo inadanganya: inahesabu mizunguko, haijui kwamba kila mzunguko sasa ni mrefu. Ikionyesha 60, kweli unakwenda 64. Ikionyesha umefanya kilometa 100, umefanya 107. Mwenye kubadilisha mafuta ya mashine kwa kuhesabu kilometa akumbuke hilo. Tena ukikata usukani mpaka mwisho, mpira mkubwa hivyo unasugua plastiki na chuma cha ndani, na baadhi ya watu wanakata motokari kwa msumeno ili uingie. Mimi motokari ya likelemba sikubali ikatwe.

Katikati kulikuwa na 265/75R16. Upana ule ule, ubavu umeongezeka kidogo, janti zetu za zamani zinabaki. Kimo ni milimita 804. Tumbo linapanda milimita 13, upana wa kidole. Kontere ikionyesha 60 unakwenda 62. Mtasema kidole kimoja ni nini? Ni kidogo, kweli. Lakini usiku ule kilichotukwamisha zaidi ni kipara. Mpira usio na meno kwenye udongo ule ni kama kiatu cha kanisani. Tulihitaji meno kwanza, kimo baadaye. Hilo ndilo nililosema nyumbani, na baba watoto alinyamaza siku mbili, halafu akasema twende sokoni tuangalie.

Jambo la upana pia lilituletea mabishano. Wengi wanafikiri mpira mpana unashinda kila mahali. Kwenye mchanga ndiyo, unaelea. Kwenye matope yenye udongo mgumu chini, mpira mwembamba unakata matope na kufika pagumu. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi za kazi, za misheni na za mashirika, bado zinavaa 7.50R16, mpira mrefu na mwembamba usio na urembo wowote. Barabara yetu ina vyote viwili, matope na mchanga, kwa hiyo hatukuongeza upana wala kuupunguza.

Sokoni sasa. Muuzaji mmoja alituonyesha mipira ya okazio, myeusi, inayong'aa, meno bado marefu, kwa nusu ya bei. Nilitafuta ubavuni herufi DOT. Mwisho wake kuna tarakimu nne. Ilikuwa 1412: wiki ya 14 ya mwaka 2012. Mpira unazeeka hata ukilala; unakauka na kupasuka kama kisigino cha miguu wakati wa kiangazi, na rangi nyeusi ya kupaka inaficha nyufa. Wamama, tarakimu hizo nne kila mtu anaweza kuzisoma, hata asiyejua kuendesha. Kando ya ukubwa kuna namba nyingine, kwetu 112. Hiyo ni uzito: mpira mmoja unabeba kilo 1120. Mwenye kubeba magunia ya mahindi asikubali kushushwa namba hiyo.

Tulichukua mipya, dola 120 kila mmoja. Tano. Hapo ndipo makuta yalipokwisha, na hapo ndipo nilipobishana zaidi, kwa kuwa wote walisema minne inatosha, ule wa akiba ubaki wa zamani. Prado yetu inavuta kwa magurudumu yote manne wakati wote. Ukiweka gurudumu moja lenye kimo tofauti, lile fupi linazunguka mara nyingi kuliko wenzake, na vyuma vya katikati vinavyogawa nguvu vinasagana njia nzima. Mpira wa akiba ni wa siku ya taabu. Siku hiyo sitaki kuongeza taabu nyingine. Kabla ya kulipa yote tulifunga miwili ya mbele kwanza, baba watoto akakata usukani kuume na kushoto mpaka mwisho, halafu akapandisha gurudumu moja juu ya jiwe na kukata tena. Mimi nilichuchumaa nikisikiliza. Haukusugua mahali. Nikafungua mkoba.

Wakati kwado akijaza upepo, nilikumbuka kwamba neno mpira kwetu linabeba mambo mengi: mchezo wa watoto, tairi, na ule utomvu wenyewe wa msituni. Kabla ya Wabelgiji kutulia huku, Wachokwe walikuwa wakibeba utomvu huo pamoja na pembe za ndovu na nta kwa miguu mpaka pwani ya Benguela. Na kaskazini, wakati wa Leopold, kabla ya 1908, watu walikatwa mikono kwa sababu ya utomvu huo huo. Dunlop alitengeneza mpira wake wa upepo mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake, na dunia nzima ikataka utomvu. Watoto wa darasa langu hawakujua. Sasa wanajua.

Upepo wenyewe usidharau. Lami na barabara ya kawaida tunaweka kati ya bari 2 na 2.2, kama karatasi ya mlangoni inavyosema. Mchanga ukiwa mwingi, baba watoto anapunguza mpaka 1.2, mpira unajilaza, unashika eneo kubwa, motokari inatoka kama haikuwa imekwama. Lakini lazima ujaze tena kabla ya kukimbia, maana mpira uliolegea unachemka na unaweza kutoka kwenye janti ukikata kona. Kwa hiyo tulinunua pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri, na hiyo alilipa baba watoto.

Tumekwisha kwenda Mutshatsha mara tatu, na mara moja mvua ilitupata kwenye kijito kile kile. Tulipita kwa vitesi vya chini, taratibu, bila kusimama. Mazutu imeongezeka kidogo, sitaficha. Mama mkwe analalamika kwamba motokari imekuwa juu, ingawa ni kidole kimoja tu, na sasa anadai kigoda cha kupandia. Tumemtengenezea. Kinakaa nyuma pamoja na jeki, na dawa zake zinakaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko.

Mipira ya zamani bado iko nyuma ya nyumba. Mwenye kuitaka kwa kupanda vitunguu au maua aje Jumamosi baada ya mkutano, ni bure. Nimeitoboa matundu chini ili isiweke maji ya mvua, maana mbu wanapenda sana kuzaa humo. Mwenye mpira mzee kwake afanye hivyo hivyo.