Gitaa la tumbo au ng'ombe wa mahari?

Wiki hii mapenzi na mitindo tuviweke pembeni kidogo, tuzungumzie chombo. Siyo chombo unachofikiria wewe (acha hizo!), nazungumzia gitaa. Tena siyo kila gitaa. Ni lile lenye tumbo tupu ndani, uso uliobinuka kama mgongo wa kobe, na matundu mawili yaliyochongwa kama herufi f. Wapiga bluzi na rokabili ndilo lao. Kwa leo tuliite gitaa la tumbo.

Najua utacheka: rokabili Bariadi? Kwani mtu akisikia Bariadi si anakumbuka pamba, ng'ombe na utani wa Gambushi? Ndiyo, hapo hapo. Makao makuu ya mkoa wa Simiyu, mkoa tuliopewa mwaka 2012. Nasi tuna masikio, na simu za kusikilizia tunazo.

Halafu muziki wenyewe siyo mgeni kiasi hicho. Julai 1954, mjini Memphis kule Marekani, kijana Elvis Presley aliingia studio ya Sun akiwa na wenzake wawili tu: Scotty Moore kwenye gitaa na Bill Black kwenye besi kubwa la kusimama. Dramu hakuna! Scotty alikuwa na Gibson ES-295, gitaa la tumbo, akipiga kwa kidole gumba chini huku vidole vingine vikiimba juu. Sasa mwulize mzee wako juu ya Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa "Masanga" na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, ambayo leo inaitwa Likasi. Gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinapiga wimbo. Bosco alipiga gitaa kavu, lile wazee wetu wanaloita galatoni, na wala hakuiga Memphis maana aliitangulia kwa miaka miwili. Ndiyo maana nikisikia rokabili sihitaji mkalimani.

Kwa nini tumbo tupu? Gitaa la ubao mzima ukiligusa uzi, sauti inakwenda, inakwenda, kama basi lililokosa breki. La tumbo linasema "tok!" halafu linanyamaza. Pigo linakuja haraka na kuondoka haraka, kwa hiyo mkono wako unafanya kazi ya gitaa na ya dramu kwa pamoja. Kwa kikundi cha watu watatu kama chetu, hiyo ni ajira ya mtu mmoja imeokolewa.

Basi tuje kwenye mshiko, maana hapo ndipo palipowaka moto nyumbani.

Babu yangu, Mungu amrehemu, aliniachia madume wawili wa ng'ombe. Na mimi nina mchumba. Kwa sisi Wasukuma unajua tena, mahari ni ng'ombe, na kwao binti wanahesabu. Niliposema nataka kuuza nikanunue gitaa, baba mdogo alinitazama kama vile nimesema nauza kaburi.

"Ng'ombe anazaa," akasema. "Gitaa lilizaa lini?"

Nikamkumbusha kwa heshima kwamba hawa ni madume. Akaniambia nisimletee za kidato cha nne.

Nikaenda kwa mchumba. Nikamsimulia kisa cha B.B. King, mfalme wa bluzi. Mwaka 1949 alikuwa akipiga katika ukumbi mmoja huko Twist, Arkansas, uliokuwa ukipashwa joto kwa pipa la mafuta ya taa. Wanaume wawili wakashikana, pipa likapinduka, ukumbi ukashika moto. King alikwishatoka nje salama, akarudi ndani kuokoa gitaa lake! Baadaye akaambiwa ugomvi ulikuwa juu ya mwanamke anaitwa Lucille, na tangu hapo akawa anayaita magitaa yake Lucille. Nilidhani mtoto wa watu atalainika.

"Yaani angeungua kwa ajili ya ubao?" akauliza. Akafikiri kidogo. "Uza mmoja, siyo wote wawili. Na ununue la kazi, siyo la kupigia picha."

Wapenzi wasomaji, nimesoma mambo mengi juu ya kuchagua gitaa, lakini sijapata kanuni iliyoshinda hiyo. Kabla hujauliza jina la kampuni, jiulize: utapigia wapi, kwa sauti kubwa kiasi gani, na nani atakulipa?

Magitaa yalikuwa mawili. La kwanza lilikuwa jipya, dukani Mwanza, linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Bei yake madume wote wawili. La pili lilikuwa la mzee mmoja pale Lamadi, aliyepiga bendi enzi za ujana wake. Rangi imechakaa, jina limefutika, bei dume mmoja na chenji inabaki.

Kwa mbali yalifanana. Ndipo nikatumia tochi ya simu. Ukimulika ndani ya tundu la f na kuona ukuta wa mbao umepita katikati kutoka shingoni hadi mkiani, hilo ni nusu tumbo. Mtindo huo ulianzishwa na Gibson mwaka 1958 kwa ES-335. Mwanga ukipita mpaka upande wa pili bila kizuizi, hilo ni tumbo kamili. Usidanganywe na sura: Epiphone Casino kwa nje ni kama pacha wa 335, lakini ndani hakuna ukuta. La Mwanza lilikuwa nusu tumbo, la Lamadi tumbo kamili.

Tofauti hiyo siyo ya urembo. Sauti ya spika inatikisa uso wa gitaa, uso unatikisa nyuzi, pikapu (siyo gari, ni kile kidude chini ya nyuzi kinachonasa sauti) inarudisha mtikisiko huo kwenye spika. Duara likishafunga, ukumbi mzima unasikia yowe. Ule ukuta wa katikati unalituliza. Kwa hiyo kama bendi yako ina dramu, kinanda na spika refu kuliko mlango, chini ya paa la bati, chukua nusu tumbo usijiulize mara mbili.

Sisi je? Sisi tuko watatu: mimi, besi na jamaa wa kayamba. Harusini tunapiga watu wakiwa wanakula, kabla DJ hajashika usukani. Amplifaya yetu unaibeba kwa mkono mmoja. Umeme ukikatika, tumbo kamili linaendelea kusikika meza za mbele, wakati nusu tumbo linabaki kunong'ona. Hesabu ikaanza kuelemea Lamadi.

Hata hivyo sikutoa pesa hivi hivi. Nililijaribu kwa amplifaya. Nilipolielekeza kwenye spika likapiga yowe, kuku wa mzee wakatawanyika. Nikasogea pembeni ya spika, nikapunguza besi, nikasokota kitambaa na kukisukuma ndani ya matundu. Kimya. Ujanja huo siyo wangu, B.B. King mwenyewe alikuwa akijaza vitambaa, na mwaka 1980 Gibson wakatoa gitaa la Lucille lisilo na matundu kabisa.

Nikagonga uso wake: plaiwudi. Msione haya plaiwudi, jamani. Uso wa mbao nzima iliyochongwa una sauti tamu ukikaa sebuleni, lakini ni mwepesi kupiga yowe na kiangazi chetu kinaweza kuupasua. Gibson ES-175 ya mwaka 1949 ilikuwa ya plaiwudi, Gretsch 6120 aliyoitumia Eddie Cochran vilevile, na hakuna aliyewacheka.

Nikatazama pikapu. Za koili moja zina sauti kali ya kupendeza, ila zinavuma "mmmm" karibu na taa za tyubu na waya mbovu. Za koili mbili zinafuta ule uvumi. Kwa harusi ya jenereta, koili mbili. La mzee lilikuwa nazo.

Kisha daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi. Kwenye magitaa mengi ya aina hii hakikugundishwa, kinashikiliwa na mkazo wa nyuzi tu, kikisukumwa kidogo gitaa lote linapotoka. Piga uzi mtupu, halafu ubonyeze kwenye chuma cha 12: iwe noti ileile, juu zaidi. La mzee lilikuwa limepotoka, tukalisogeza kidogo kidogo mpaka likakaa. Mwisho nikafumba jicho moja na kutazama shingo kama fundi anavyokagua boriti. Imenyooka. Shingo iliyopinda usiinunue hata kwa bei ya jogoo.

Mzee alikuwa akinitazama muda wote huo bila neno. Nilipomaliza akasema, "Ng'wanawane, umelikagua kuliko nilivyomkagua mke wangu." Akanipa na seti ya nyuzi nene, namba 11. Akaniambia nyembamba ni za watu wa mbwembwe, gitaa la tumbo linataka nyuzi zenye uzito ili lipate sauti yake. Vidole viliniuma wiki mbili, lakini alisema kweli.

Kwa hiyo dume mmoja ameondoka, mmoja yuko zizini. Baba mdogo bado hajalisalimia gitaa. Mchumba yeye amenunua daftari la kurasa 40. Kila tukilipwa anaandika tarehe, mahali na kiasi, fungu langu peke yake. Tumekubaliana kwamba likifika bei ya ng'ombe, pesa inakwenda mnadani moja kwa moja, siyo kwenye amplifaya kubwa (anajua nilichokuwa nikiwaza).

Mpaka juzi kurasa mbili zimejaa, na pesa zimefika kama miguu miwili ya nyuma na mkia. Msimu wa pamba ukifunguliwa harusi zitaongezeka. Kama unaoa Bariadi, Itilima au Maswa, na unataka watu wale wali wakitikisa mabega, sisi tupo. Miguu ya mbele bado inatafutwa.

Tukutane wiki ijayo.