Vakansi ya Bunkeya: historia mbili ndani ya nyumba moja

Mama wenzangu, vakansi kubwa inakaribia na watoto wameanza kuuliza: "Tunaenda wapi?" Wengi tunafikiri vakansi ni ya wale wanaopanda ndege. Jamaa yetu mwaka jana ilienda Bunkeya tu, na tulirudi na mengi ya kuzungumza.

Toka Lubumbashi unafuata lami mpaka Likasi, karibu kilometa 120. Ukipita Likasi, utafika mahali pa kuacha lami na kushika barabara ya vumbi kwenda kaskazini. Leo Bunkeya ni mji mdogo wa jimbo la Lualaba, na kilima kinautazama kutoka juu. Zamani ulikuwa mji mkuu wa Garenganze, ufalme wa Mwami Msiri. Watu wake walitoka Usumbwa, katika Tanzania ya leo, wakifuata shaba ya Katanga. Binti zangu walipenda kusikia kwamba Msiri aliwapa wake zake wengine vijiji wavitawale.

Tarehe 19 Desemba 1891, Kapteni Stairs, aliyetumwa kwa faida ya Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, alisimamisha bendera juu ya kilima bila Msiri kukubali. Kesho yake Kapteni Bodson alimpiga Msiri risasi, akafa. Bodson naye alipigwa palepale. Kila tarehe 20 Desemba Wayeke wanakumbuka siku ile Bunkeya.

Mume wangu ni Muyeke, mimi ni Musanga. Yeye aliwaeleza watoto juu ya mfalme aliyekataa bendera ya wageni. Ni kweli. Lakini kwetu tulisikia mengine pia: watu walikamatwa wakauzwa utumwa, na Wasanga wakamwasi Msiri. Nayo ni kweli. Binti yetu mkubwa akauliza: "Mama, sasa sisi ni wa upande gani?" Nilimwangalia baba yake. Akawaza kidogo, kisha akasema: "Mama yenu naye asimulie." Usiku ule, kando ya moto, nilisimulia mpaka mdogo akalala. Hakuna aliyegombana.

Mama wengi wa Lubumbashi tumeolewa nje ya kabila letu. Tukinyamaza, watoto watajifunza historia barabarani, kwa watu wanaotaka kuwagombanisha. Heri waisikie kwa wazazi wao, baba na mama wakiwa wamekaa pamoja.

Mukitaka kwenda: mwezi wa saba barabara ni kavu, lakini usiku kuna baridi, basi mubebe mablanketi. Mubebe pia maji ya kunywa, unga wa bukari na chandarua. Mukifika, mwende kwanza kusalimia wakubwa wa mji kabla ya kutembea au kupiga picha. Na kazi ya kupika igawanywe, baba na vijana wakiwa ndani. Mama naye yuko vakansi.