Kazi na Kitabu



Vijana wetu wa Butembo na Beni waliokwisha kuwa mainjinia hutujia mara kwa mara na swali moja: je, mtu mwenye kazi ya kutwa aweza kuendelea na masomo ya juu pasipo kuharibu kazi, wala masomo, wala nyumba yake? Wazee hujibu upesi: mshika mawili, moja humponyoka.

Zamani swali hili halikusumbua watu hapa kwetu. Chuo Kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954 huko Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville wakati ule, mwana wa milima hii aliyekitaka ilimpasa kwanza kuaga kwao. Ndipo mwaka 1989 Askofu Emmanuel Kataliko, aliyelichunga jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 hata 1997, alipoanzisha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben mjini Butembo. Elimu ya juu ikatufikia mlangoni, na mtu akaweza kusoma bila kuiacha kazi yake. Neema hiyo ilikuja na mzigo wake.

Sisi tunaofundisha mchana na kufungua vitabu usiku twaujua mzigo huo, lakini wa injinia wazidi. Mwalimu ana kengele, injinia hana. Mvua ikishuka usiku juu ya saruji isiyokauka, ataitwa papo hapo, hata kama mtihani ni kesho. Na kazi ikiwa Beni, darasa likiwa Butembo, kuna kilometa 54 hivi katikati. Tangu mauaji ya raia yaanze upande wa Beni mwaka 2014, mke wa msafiri huhesabu saa mpaka asikie hodi.

Basi, kijana afanyeje? Kwanza, masomo yake na yatoke katika kazi yenyewe. Apimaye udongo wa kilima kwa ajili ya msingi wa nyumba, audongo uo huo na aufanye somo la tasnifu yake. Hapo hakushika mawili. Ameshika moja kwa mikono miwili.

Pili, asiandikishe jina chuoni kabla ya kuzungumza na mkewe. Karo hutoka katika sahani ya watoto, na saa za vitabu hutoka katika saa za mama. Sisi tulikaa na mama watoto, tukahesabu fedha, tukapatana jioni zipi ni za vitabu na zipi ni za watoto. Mapatano hayo twayashika.

Tatu, Jumapili ni ya Bwana na ya jamaa. Mwaka 1955 Papa Pio wa XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Tukumbuke kwamba fundi huyo alifanya kazi kwa ajili ya nyumba yake.

Ndugu kijana, kabla ya kuweka paa wewe hupima uzito ambao nguzo zaweza kuubeba. Jipime vivyo hivyo. Nguzo zikitosha, anza kwa moyo mkuu. Zisipotosha mwaka huu, ziimarishe kwanza, chuo hakihami.