Maua ya Masika Kando ya Arabuko-Sokoke

Jumamosi iliyopita, baada ya swala ya Alfajiri, sisi walimu wawili tulishika njia ya Gede kuyatambua maua tuliyokusudia kuyasomesha Jumatatu. Masika yalikuwa yamekwisha kushika, na kila ukingo wa njia ulikuwa umechanua.

La kwanza tulilolikuta ni ua dogo la buluu la mmea utambaao, ambao wafugaji wa sungura huujua vyema. Wataalamu huuita Commelina. Petali zake mbili ni kubwa na ya tatu ni ndogo. Linnaeus aliyeupa jina hilo alieleza kuwa petali mbili zawakilisha wataalamu wawili wa mimea wa ukoo wa Commelin, na ile ndogo ni ya wa tatu aliyefariki kabla ya kutimiza jambo katika elimu hiyo. Tulichuma machache, tukayahifadhi kitabuni.

Tulipofika msituni, eneo la mirihi lenye mchanga mweupe, hatukuchuma kitu. Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420, ni hifadhi, hivyo tulichora. Ukingoni palikuwa na Gloriosa superba, ua la petali sita zilizopinda kuelekea juu, nyekundu zenye pindo la manjano, mfano wa ndimi za moto. Ncha za majani yake hujisokota na kushika matawi ya jirani. Tulikuwa twaliajabia tulipopitwa na bibi mmoja aliyebeba kuni.

“Wanangu,” alisema, “hilo watazameni kwa macho tu. Mzizi wake huua.”

Tulimshukuru. Kweli, mmea huo wote una sumu, na tunguu lake, ambalo mtu aweza kulidhania kuwa kiazi, ndilo kali zaidi. Sumu yenyewe, kolchisini, hutumika kwa kipimo kidogo mno kutibu jongo. Nasi tulikuwa tumeazimia kuwapitishia wanafunzi ua hilo mkono kwa mkono!

Mbele kidogo tulikuta ua jeupe tusilolijua. Tulihesabu petali, tukatazama mpangilio wa majani, tukabishana. Mmoja wetu alipendekeza tulipe jina la lile linalolikaribia, kwani watoto wasingetambua. Hapo tulimkumbuka Imamu Malik, ambaye husimuliwa kuwa kwa maswali mengi aliyoulizwa alijibu kuwa hajui. Tuliandika “halijatambuliwa” chini ya mchoro, na hivyo ndivyo tutakavyowaambia wanafunzi.

Tulirejea Adhuhuri ikikaribia. Palepale tulipoyaacha maua ya buluu pamebaki majani matupu, yamefumba yote. Yale ya kitabuni yalikuwa yameyeyuka, yakaacha doa tu. Somo letu lilikuwa limepangwa saa nane mchana. Tumelihamishia kipindi cha kwanza, nje ya darasa, umande ukiwa bado majanini.

Wazazi wapendwa, asubuhi mkitembea na watoto, simameni kidogo kando ya njia. Wahesabu petali, wachore, waulize wazee majina. Wala wasitie kitu kinywani, hata kiwe kizuri namna gani. Na mtoto akiuliza msilolijua, mwambieni kuwa hamjui, kisha mkalitafute pamoja. Wallahu aalam.