Herufi O iliyogeuka yai

Wamama wapendwa, ninyi mnaokuja kwenye masomo ya kusoma na kuandika kila siku ya posho, mnakumbuka siku tulipofunga televizyo ya inchi 40 kwenye ordinateri ya kikundi. Tulipiga makofi. Kisha nikaandika herufi O, na mama mmoja wa mbele akauliza: «Mwalimu, hii ni O ao ni yai?» Wote walicheka. Mimi nilicheka kidogo tu, kwa sababu televizyo ilitoka katika likelemba yetu, na mimi ndiye niliyewaambia tuinunue.

Mlipoenda nyumbani nilitwaa rula. O ilikuwa na sentimita 12 kwenda juu na sentimita 16 kwa upana. Hapo nikaelewa. Ordinateri yetu ya zamani ilikuwa inatuma picha ya vidoti 1024 kwa 768, ni kusema 4 kwa 3. Televizyo ni ya 1920 kwa 1080, 16 kwa 9. Ili ijaze ekrani yake, ilikuwa inavuta picha pembeni kama mtu anayevuta unga wa mkate. Tena herufi zilikuwa na ukungu, na yule mama yetu mwenye macho mazito alishindwa kutofautisha «c» na «e».

Niliingia mahali pa kupangia ekrani, nikatafuta 1920 kwa 1080. Haikuwepo. (Ninyi pia muanze pale. Kama ipo, hamtatoa hata franga moja.) Niliweka upya programu inayoongoza picha, bila faida. Ilibaki kununua karti ya grafiki, ile inayoingizwa ndani ya ordinateri ili itoe picha.

Sasa sikieni kosa langu. Kule ISP tulifundishwa kutayarisha masomo, si kufungua ordinateri. Mama anayetunza sanduku alinipa dola 60. Kijana wa duka akanionyesha karti kubwa yenye vantilateri mbili, akasema: «Mama, hii inacheza michezo yote.» Nilipouliza ndogo, aliniangalia kama mtu aliyekuja kununua nusu ya sabuni. Nikapata haya, nikalipa dola 45. Kumbe sanduku la ordinateri yetu ni lile jembamba: bamba la karti lilikuwa na sentimita 12, na nafasi yetu ni sentimita 8. Tena karti iliomba waya wake wa umeme wenye pini 6, na sisi hatuna waya huo. Duka likakataa kurudisha feza.

Siku tatu sikulala vizuri. Dola 45 ni feza ya wamama wanaouzisha makala na ndizi kule Kadutu. Nilienda kwa mama wa sanduku, nikamwambia yote. Alinyamaza, kisha akasema: «Mwanangu, ulipima mlango mbele ya kununua kitanda?» Nikasema: «Hapana, mama.» Tulipatana nilipe dola 15 kila mwezi, na mwezi huu ndio wa mwisho. Karti ile ningali nayo, iko chini ya kitanda changu.

Mara ya pili nilienda na rula. Nilitaka karti ya PCI Express, kwa kuwa ndiyo nafasi tuliyo nayo, yenye bamba fupi, yenye tundu la HDMI, na isiyoomba waya mwingine wa umeme. Nikapata GeForce GT 710 iliyokwisha kutumiwa, dola 25. Nvidia waliitoa 2016. Mwenye kutaka michezo mizito ataichoka mara moja. Lakini inakula wati 19 tu, na ninyi mnajua umeme wetu: ukikatika tunategemea batri. Hii yetu haina hata vantilateri, kwa hiyo haipigi kelele wala haivuti vumbi. Radeon HD 5450 ya 2010 nayo ingetufaa, inakula karibu vilevile.

Kijana mwingine alinisukuma nichukue ya gigabaiti 2, si 1. Nikapiga hesabu: picha moja ya 1920 kwa 1080 inachukua karibu megabaiti 8. Kwa herufi na video za kushona, gigabaiti 1 ni nyingi.

Nilizima ordinateri, nikachomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha sanduku, ndipo nikaingiza karti. Waya wa televizyo nikauchomeka kwenye karti, si kwenye tundu la zamani. Sauti nayo ikapita humo humo. Pembe za picha zilikuwa zimekatika, mpaka nilipobadilisha ukubwa wa picha kwa rimoti ya televizyo yenyewe.

O sasa ina sentimita 12 kwa 12. Posho iliyopita, mama yetu mwenye macho mazito alikaa benchi ya tatu, akasoma «chembe» bila kusogea mbele.