Mlio Chini ya Mlima Kitonga

Abiria wa basi aendaye Iringa hulipita bonde la Ruaha Mbuyuni kwa muda mfupi tu. Huiona mibuyu iliyosimama kama wazee waliokutana barazani, huona mafungu ya vitunguu kando ya lami, hununua fungu moja kwa kunyoosha mkono dirishani, na kabla hajamaliza kuhesabu chenji basi limekwisha kushika njia ya kuelekea Mlima Kitonga. Mimi, ndugu msomaji, nilikaa katika bonde hilo muda wa kutosha kuzoeana na mbuzi wake. Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka 2019, na kilichonikalisha hapo ni mlio mdogo tu, mwembamba, mfano wa saa ya ukutani: tik, tik, tik.

Nilikuwa nimepanda lori la shemeji yangu, mume wa dada yangu, ili nipunguze nauli na pia tupate kuongea njiani. Lori hilo lilitengenezwa Uingereza mwaka 1978, nalo lilikuwa limebadilisha wenyewe mara nyingi kuliko rangi. Tulipakia mifuko 120 ya saruji Dar es Salaam, yaani tani sita, tuipeleke kwa mwenye duka mmoja mjini Iringa, na wakati wa kurudi tupakie nyanya za Ilula. Hesabu ya shemeji ilikuwa imepangwa kama matofali: nauli ya saruji ilipe deni la chama cha kuweka na kukopa, nauli ya nyanya ilipe ada ya binti yake. Hakuna tofali lililobaki la kuwekea gereji.

Tulilala Morogoro. Asubuhi tukapita Doma, kisha tukaingia katika Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambamo barabara kuu hukata mbugani na dereva hupanda tuta baada ya tuta huku akisoma vibao vya faini za kugonga wanyama. Kwa kuwa tulikwenda polepole, swala walitutazama bila hofu. Hapo ndipo nilipousikia mlio kwa mara ya kwanza. Nilimwuliza shemeji. Akasema, "Hilo ni la siku nyingi." Nikamwonyesha geji ya oili kwenye dashibodi, ambayo mshale wake ulikuwa umelala chini kabisa. Akacheka. "Hiyo geji ni mwongo, shemeji. Ilianza kusema uongo kabla sijalinunua gari hili."

Katika mji mdogo wa Mikumi tulisimama kula, na fundi mmoja kijana akausikiliza mlio kwa mbali, mikono yake ikiwa mfukoni. Alitoa shauri la haraka: tununue oili nzito, tuongeze lita tatu, naye akaze tapeti zote kwa dakika 20. Mwenzake, aliyekuwa amekaa juu ya tairi, alikataa shauri hilo na kutoa kubwa zaidi: beringi za kranki zimekwisha, injini ishushwe yote. Basi tukawa na madaktari wawili, mmoja akiagiza kidonge na mwingine akiagiza kisu, na hakuna hata mmoja aliyemshika mgonjwa mkono. Shemeji aliwashukuru wote wawili akawasha gari.

Ukitoka Mikumi joto huongezeka kadiri barabara inavyoteremka kuufuata Mto Ruaha Mkuu, na Oktoba si mwezi wa huruma katika bonde lile. Kufika Ruaha Mbuyuni mlio haukuwa tena wa saa ya ukutani; ulikuwa wa cherehani. Mbele yetu ulikuwapo Kitonga. Asiyeujua mlima huo na aelewe kwamba kutoka bondeni, ambako nchi iko mita mia chache tu juu ya bahari, barabara hupanda kwa kona zilizobanwa kati ya jabali na korongo, kuelekea nyanda za Iringa, mji ulio zaidi ya mita 1,500. Lori likizimika humo likiwa na tani sita mgongoni, na nyuma yake kuna mabasi mawili, haliwi tena jambo la mwenye gari peke yake. Matawi mabichi ambayo utingo huyatandaza barabarani kuwaonya wengine yamekwisha nyauka mara nyingi katika kona zile.

Shemeji alitaka tupande jioni ile ile. Utingo wetu, kijana wa miaka kama 20, ndiye aliyesema kwa sauti ya chini, "Bosi, kuna mzee chini ya ule mbuyu."

Mzee huyo alikuwa amekaa kwenye kiti kilichotengenezwa kwa springi za lori. Tulimwamkia, akaitikia, akatuuliza habari za njiani, kisha akatuuliza habari za injini kwa mpangilio ule ule wa adabu. Mlio huanza injini ikiwa baridi au ikiwa moto? Ikiwa moto. Ukiongeza mafuta mlio unakwenda mbio au unabaki vile vile? Unakwenda mbio. Oili ilibadilishwa lini? Shemeji alitazama mbuyu. Inapungua? Hapo utingo alijibu kwa fahari kwamba haipungui hata kidogo, na kwamba kwa wiki mbili sasa hajaongeza tone.

Mzee aliinuka kwa mara ya kwanza. "Injini ya miaka 40 isiyokunywa oili," alisema, "mimi huiogopa."

Alikuwa ameanza kazi ya utingo katika barabara hiyo hiyo mwaka 1967. Huo ulikuwa wakati wa shida kubwa, kwani Ian Smith na walowezi wenzake walikuwa wamejitangazia uhuru wao huko Rhodesia tarehe 11 Novemba 1965, na Zambia ikapungukiwa na njia zake za kusini. Petroli ya Zambia ilibidi ipite kwetu kwa malori, na shaba yake ilirudi kwa malori hayo hayo, katika barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya utelezi wakati wa masika, mpaka bomba la TAZAMA lilipokamilika mwaka 1968 na reli ya TAZARA ikafuata katika miaka ya 1970. Madereva wa Kizungu waliiita barabara hiyo Mbio za Jehanamu. Mzee alisema kwamba wakati huo gari likiharibika hapa hakukuwa na mtu wa kumwita. Ulikuwa na masikio yako, pua yako na bisibisi.

Kwa vitu hivyo vitatu ndivyo alivyoanza. Injini ikinguruma polepole, aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya kifuniko cha roka, akaweka mpini wake sikioni, akahama inchi kwa inchi. Kisha alishuka na kufanya vile vile ubavuni na kwenye sampu. Chini palikuwa kimya; mlio ulikuwa juu. Aliniruhusu nisikilize. Mlio ule, alinieleza, unakwenda kwa nusu ya mwendo wa kranki, na kitu kinachozunguka kwa nusu ya mwendo wa kranki ni kamshafti, inayoinua pushirodi, roka na vavu. Kisha akalegeza kwa zamu bomba la dizeli la kila nozeli, ili silinda moja moja ikose moto. Gongo la konrodi, ambalo ni zito na hutoka tumboni mwa injini, hubadilika au hunyamaza silinda yake ikipumzishwa. Mlio wetu haukujali. Aliendelea kulia kama asiyehusika.

Hapo alizima injini, akasubiri kidogo, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama ya mwisho. Alikinusa kijiti, akampa shemeji naye akinuse. Kisha akatupa tone moja juu ya kipande cha gazeti la zamani. Tone la oili nzuri hutulia mahali pake. Hili lilikimbia, likafanya doa jeusi katikati na pete pana ya rangi hafifu kulizunguka. Oili ya shemeji ilikuwa haipungui kwa sababu ilikuwa inaongezewa na dizeli.

Wasomaji wanaokaa katika nyumba za ghorofa mjini wataelewa upesi kilichotokea. Oili hukaa chini, ndani ya sampu. Pampu huivuta, huipitisha kwenye chujio, huisukuma kwanza kwenye beringi za kranki, na roka zilizoko juu kabisa hupata zamu ya mwisho. Maji ya bomba yakipungua nguvu, mtu wa ghorofa ya chini bado ataoga, na mtu wa ghorofa ya nne ndiye atakayegonga ndoo. Roka zetu zilikuwa zinagonga ndoo. Oili iliyochanganyika na dizeli na kupigwa na joto la bonde huwa nyepesi mno. Hupenya na kumwagika kila mahali penye uwazi, na shindikizo haliwezi kujengeka.

Ili tusibaki na maneno, mzee alifungua kidude kinachopeleka habari kwenye geji ya dashibodi, akafunga mahali pake geji yake mwenyewe ya shaba. Injini ikiwa moto na ikinguruma taratibu, ilisoma paundi 7. Ikikimbizwa, ilifika 22 ikakwama. Alisema kwamba kwa injini za aina hii yeye hutaka kama paundi kumi kwa kila mizunguko elfu moja. Kwa hiyo geji ya dashibodi, iliyotukanwa kwa miaka yote, siku hiyo ilikuwa inasema kweli.

Ndipo nilipoyaelewa mashauri ya Mikumi. Lita tatu za oili nzito juu ya sampu iliyojaa kupita kiasi zingeficha ugonjwa kwa saa chache, labda mpaka kona ya tatu ya Kitonga. Na tapeti zikikazwa kupita kipimo ili zinyamaze, vavu hubaki wazi kidogo, moto hupenya, nayo huungua. Injini ingekuwa kimya kabisa mpaka siku ya kufa.

Dizeli ilipita wapi? Mzee aliifungua pampu ndogo ya kuvutia dizeli, ile ambayo mafundi huiita fidi pampu, iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti. Upande wa mkono wake ulikuwa umelowa dizeli. Ndani yake kiwambo cha mpira kilikuwa kimepasuka ufa usiozidi ukucha wa mtoto. Kila pigo la pampu lilikuwa likidondosha matone machache ndani ya sampu, mchana na usiku, tangu Dar es Salaam na kabla ya hapo.

Asubuhi utingo alidandia lori jingine kurudi Mikumi kutafuta kiwambo. Sisi tulimwaga oili, ikatoka kama chai. Mzee alilipasua chujio la zamani kwa msumeno, akaifungua karatasi yake ndani ya beseni na kuigeuza juani kwa muda mrefu. Mwishowe akatuita. Palikuwa na chembe, si nyingi, ambazo ziling'aa kwa rangi ya shaba. Beringi, alisema, huwa na tabaka laini jeupe juu na tabaka la rangi ya shaba chini yake. Ukiona shaba, ujue jeupe limeanza kwenda.

Hapo ndipo palipokuwa na ugomvi, na sitauficha. Mzee alisema kwamba gari litapanda, lakini kwa nusu ya mzigo, na kwamba kabla ya masika injini ifunguliwe na beringi zibadilishwe. Shemeji alisema kwamba nusu ya mzigo maana yake ni safari mbili za Kitonga kwa nauli moja, na kwamba mzee hamjui mwenye duka wa Iringa. Alisema maneno mengine pia. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Gari ni lako, baba. Mimi nimekuonyesha beseni tu." Akaenda kula.

Mifuko 60 ilishushwa na kuhifadhiwa katika stoo ya mwuza vitunguu. Shemeji aliipokea mwenyewe begani, mfuko kwa mfuko, bila kusema na mtu.

Kiwambo kilifika saa tisa. Jioni mzee alifunga pampu, akatia oili mpya na chujio jipya, kisha akapima nafasi za tapeti kwa fila geji. Mbili zilikuwa zimelegea. Katika silinda ya nne aligundua kwamba uso wa roka umelika ukafanya kishimo, hivyo fila geji hupita juu ya kishimo na kudanganya. Alipima kwa kukisia na kuniambia kwamba hiyo itaendelea kunong'ona. Geji ya shaba ilisoma 17 injini ikinguruma, na 39 ikikimbia. Si afya ya ujana, lakini tofauti tuliisikia kwa masikio yetu. Kisha alifanya jambo ambalo hatukumwomba: alichukua bomba jembamba, akaliunganisha, na kuileta geji yake ndani ya chumba cha dereva.

Tuliuanza mlima saa kumi na moja alfajiri kukiwa na ubaridi. Shemeji alitia gia ndogo mapema, asiiache injini ihemewe, na utingo alisoma geji kwa sauti kama mhesabu kura: thelathini na sita, thelathini na tano, thelathini na tatu. Katika kona moja ilishuka hadi 30, na hakuna aliyepumua. Kulipopambazuka tulikuwa juu. Tulipita Ilula, penye matenga ya nyanya, kisha Lugalo, penye mnara wa kukumbuka mahali ambapo Wahehe wa Mkwawa walilishinda jeshi la Kijerumani la von Zelewski tarehe 17 Agosti 1891. Siku nyingine tungesimama. Siku hiyo shemeji hakutaka kuizima injini kabla ya Iringa.

Kesho yake aliifuata mifuko iliyobaki, kisha tukateremka na nyanya. Ruaha Mbuyuni tulisimama kumrudishia mzee geji yake, na dada yangu alikuwa ameagiza vitunguu. Wakati nikichagua fungu, nilimwona shemeji ameinua boneti. Alichomoa kijiti cha oili, akakitazama, akakisogeza puani, akafumba macho.