Chama cha Mpira ni Mali ya Mtaa

Mgeni akitaka kujua historia ya mitaa ya mashariki ya Nairobi, wengi humwonyesha majumba. Mimi humpeleka kiwanjani. Nimekaa katika mitaa hii miaka mingi, nami nimeona ya kuwa mpira wa miguu umetufundisha mambo mengi kuhusu ujirani, mema na mabaya.

Katika Kaloleni, Makongeni, Shauri Moyo na Jericho, watu wa makabila mbalimbali hukaa ukuta kwa ukuta. Lakini zamani, siku ya mchezo mkubwa ilipofika, majirani waliokuwa wakikopeshana chumvi walikwenda katika kiwanja kilicho kando ya Barabara ya Jogoo, kila mtu na kabila lake. Abaluhya United ilianzishwa mwaka 1964 kwa kuunganisha timu ndogo ndogo za Waluhya. Gor Mahia ikazaliwa mwaka 1968 kutokana na timu za Waluo.

Sisemi kwamba vyama hivyo vilikuwa vibaya. Kijana aliyetoka shamba, asiye na ndugu mjini, alipata humo wenzake wa kumfariji. Tena vilituletea sifa, kwani mwaka 1987 Gor Mahia ilitwaa Kombe la Washindi la Afrika, na nchi nzima ikafurahi. Lakini mchezo ulipoharibika, ugomvi ulirudi nasi mpaka milangoni. Mwaka 1980 serikali iliamuru majina ya kikabila yaondolewe, na Abaluhya ikaitwa AFC Leopards. Jina hubadilika kwa siku moja. Moyo haubadiliki kwa amri.

Dawa niliyoiona ikifaa ilitoka Mathare, mahali palipodharauliwa na wengi. Mwaka 1987 Bwana Bob Munro, mtu wa Kanada, alianzisha pamoja na vijana wa huko chama cha michezo kijulikanacho kwa jina la MYSA. Hapo ilikuwako sheria ya ajabu: timu iliposhinda mchezo ilipata pointi 3, lakini iliposafisha mtaa ilipata pointi 6. Takataka zilikuwa zikiziba mifereji, na mvua iliponyesha maji machafu yaliingia nyumbani na kuleta maradhi. Basi vijana wakashika majembe na matoroli. Mtu akizoa taka mbele ya nyumba ya jirani, hamwulizi kwanza kabila lake.

Kutokana na chama hicho ilizaliwa Mathare United mwaka 1994. Ilitwaa kombe la taifa mwaka 1998 na 2000, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa ligi ya Kenya, ikifundishwa na Francis Kimanzi, aliyekulia katika chama hichohicho. Timu hiyo ilichukua jina la mahali, wala si la ukoo.

Wasomaji wapenzi, umoja ni nguvu, lakini umoja hauna budi kupata mahali pa kukaa. Kiwanja kikinyakuliwa na kujengwa maduka, vijana hurudi vichochoroni, na kila mmoja huwatafuta wa kabila lake. Kwa hiyo kila mtaa na ukilinde kiwanja chake, wazee wajue mipaka yake, na makarani walioko ofisini waitunze hati yake. Timu inaweza kushindwa leo ikashinda kesho. Kiwanja kikishapotea hakirudi.